Waliopokelewa na waliobisha hodi: namna ya kusoma hesabu za masomo makubwa katika Kasongo na Kabambare

Kila mwaka matokeo ya Egzamini ya Serikali yanapotangazwa, mapadri na makatekista wa pande zetu wanapata wageni. Kijana anafika na karatasi mkononi, na baba yake nyuma yake. Tuseme ametoka Kabambare, na amepata pointi 61 kwa mia. Amesikia ya kuwa mwaka uliopita vijana waliopokelewa katika fakulte fulani walikuwa na pointi 60 na zaidi. Basi anauliza: «Padri, mimi pia nitapokelewa?» Baba hasemi neno, lakini tunajua amekwisha kutafuta mtu wa kununua mbuzi wake, kusudi apate fedha za safari ya Kindu, Bukavu au Kisangani.

Tutamjibu nini? Wengi wetu tunatazama ile hesabu ya waliopokelewa, tunailinganisha na pointi za kijana, kisha tunasema ndiyo au hapana. Katika makala hii nataka kuonyesha, kwa njia ya historia yetu wenyewe, ya kuwa jibu la namna hiyo mara nyingi ni la uongo, hata kama hesabu yenyewe ni ya kweli. Hesabu ya waliopokelewa inatuambia habari za watu walio ndani ya nyumba. Kijana anauliza habari ya mlango. Hayo ni maulizo mawili, na jibu la moja si jibu la lingine.

I. Mabuku mawili ya wamisionari

Misioni ya Kasongo ilianzishwa na Mapadri Weupe katika mwaka 1903, miaka kumi baada ya askari wa Dhanis kuutwaa mji ule katika Aprili 1893. Wamisionari hao walikuwa watu wa kuandika. Kardinali Lavigerie aliwaamuru kuandika mambo ya kila siku katika buku la misioni, na kila mwaka kupeleka hesabu kwa wakubwa wao. Mwaka wao wa hesabu ulianza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni.

Katika hesabu zile kuna jambo moja la kutufundisha. Lavigerie aliweka sheria ya miaka minne kabla ya ubatizo: miaka miwili ya kuomba na kujaribiwa, kisha miaka miwili ya ukatekumeni kamili. Kwa hiyo misioni haikuandika wabatizwa tu. Iliandika pia walioomba na wakatekumeni. Askofu aliposoma ya kuwa misioni moja imebatiza watu wengi na nyingine wachache, aliweza kuuliza zaidi: Wangapi waliomba miaka minne iliyopita? Wangapi waliacha njiani? Misioni yenye wabatizwa wachache labda ilikuwa changa, au waombaji wake hawakuwa wengi. Bila buku la waombaji, buku la wabatizwa lingeweza kumdanganya msomaji.

Sisi warithi wa mabuku yale tumeshika desturi hiyo kwa ubatizo, lakini tumeisahau kwa masomo. Tunajua majina ya watoto wa parokia walioingia universite. Majina ya wale waliobisha hodi wakarudi nyumbani hayaandikwi popote.

II. Wakati mlango ulikuwa mmoja

Kabla ya mwaka 1954 hapakuwa na universite katika Kongo. Kwa kijana Mkongo aliyetaka masomo ya juu, seminari kubwa ilikuwa karibu mlango wa pekee. Monsinyori Roelens, askofu wa Kongo ya Juu, alianza kufundisha vijana pale Mpala, ufukoni mwa Tanganyika, mwishoni mwa karne ya 19. Tarehe 21 Julai 1917, pale Baudouinville, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi zetu.

Tujaribu kufikiri kama kijana wa mwaka ule. Hesabu ya waliofika mwisho: 1. Mmoja angesema: «Mkongo amepadirishwa, basi mimi pia naweza.» Mwingine angesema: «Miaka hii yote na mtu mmoja tu, basi haiwezekani.» Wote wawili wanatazama hesabu ile ile. Hesabu ndogo inakubali kila neno analotaka msomaji. Hata leo mambo ni vile: ikiwa masomo moja ya Kabambare mwaka huu imeingiza watoto wawili katika fakulte ya uganga, na mwaka uliopita hakuna, hatuwezi kusema ya kuwa masomo ile imepanda. Mtoto mmoja kuugua siku ya egzamini anatosha kugeuza hesabu yote.

III. Asiyebisha hodi haandikwi

Katika Oktoba 1954 universite ya Lovanium ilifunguliwa karibu na Léopoldville, kwa kazi ya Universite Katolika ya Louvain. Mwaka 1956 Serikali ilifungua nyingine pale Elisabethville. Mwaka 1963 ikafuata ya tatu pale Stanleyville, kwa juhudi ya Waprotestanti. Milango iliongezeka, na watu wakaanza kulinganisha: jimbo lipi lina wanafunzi wangapi, kabila lipi limeendelea na lipi limebaki nyuma.

Hapo Maniema ya kusini inatupa somo kubwa. Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip na wa mwanawe Sefu. Uislamu ulifika huko kabla ya Injili, na hata leo jamaa nyingi za Kasongo na Kabambare ni Waislamu. Sasa tukumbuke hali ya masomo katika ukoloni. Tangu mapatano ya miaka 1925 na 1926, fedha za Serikali kwa masomo ya Wakongo zilipewa zaidi sana misioni za Kikatoliki zilizoitwa za kitaifa. Masomo ya Serikali yasiyo ya dini yalianza kufunguliwa kwa wingi baada ya mwaka 1954 tu, wakati wa waziri Auguste Buisseret. Baba Mwislamu wa Kasongo, katika miaka ya 1930, alikuwa na njia mbili: kumpeleka mtoto kwa mapadri, na kuogopa ya kuwa atabatizwa, au kumwacha katika madrasa, ambako hakuna cheti kilichofungua mlango wa masomo ya juu. Wengi walichagua njia ya pili.

Mtu akitazama majina ya wanafunzi wa kwanza wa Lovanium, akahesabu wangapi walitoka katika jamaa za Kiislamu za Kasongo, atapata nini? Atapata kwamba ni haba. Na kama hana akili ya historia, atasema: «Watoto hawa hawana kichwa cha masomo.» Lakini hawakubisha hodi wakakataliwa. Wengi hawakufika mlangoni hata siku moja, kwa sababu ngazi za chini hazikuwako kwao. Asiyebisha hodi haandikwi, wala katika buku la waliopokelewa, wala katika buku la waliokataliwa.

Kwa wasichana ni vile vile. Sophie Kanza alipomaliza Lovanium katika mwaka 1964, alikuwa mwanamke Mkongo wa kwanza kumaliza masomo ya universite. Kwa miaka kumi hesabu ya wanawake waliomaliza ilikuwa sifuri. Je, sifuri ile ilipima akili ya wasichana wetu? Hapana. Ilipima wingi wa masomo ya sekondari yaliyofunguliwa kwao, nayo yalikuwa machache mno.

Ndiyo maana nasema jambo hili si mchezo wa hesabu. Neno «watu wa pande zile hawawezi» limezuia watoto wengi kuliko egzamini yoyote. Nalo mara nyingi lilizaliwa katika karatasi ya waliopokelewa, iliyosomwa vibaya na mtu mwenye nia njema.

IV. Egzamini moja, na majimbo yanayobadilika

Egzamini ya Serikali ilianza katika mwaka wa masomo 1966-1967. Tangu hapo mtoto wa Kasongo na mtoto wa Kinshasa wanajibu maulizo ya namna moja, na anayefikisha pointi 50 kwa mia anapata diploma. Lakini diploma ni ufunguo wa kufika mlangoni. Kupokelewa katika fakulte fulani ni jambo la pili, maana fakulte yenye viti vichache inaweza kudai pointi za juu zaidi, au kuweka egzamini yake yenyewe.

Katika mwaka 1971 universite tatu ziliunganishwa kuwa moja, ndiyo UNAZA, hata mwaka 1981 zilipotengwa tena. Katika siku za UNAZA viti viligawanywa pia kwa kufuata majimbo. Wakati ule Maniema ilikuwa ndani ya Kivu. Ikawa jimbo la peke yake katika mwaka 1988. Kwa hiyo mtoto wa Kabambare alihesabiwa pamoja na mtoto wa Bukavu, mji wenye masomo mengi makubwa. Mtu akisoma «Kivu: waliopokelewa kadha wa kadha», hajui bado neno lolote juu ya Kabambare.

Jambo hili tunalijua pia katika Eklezya. Hadi mwaka 1952 hesabu za Kasongo zilikuwa ndani ya hesabu za Vikariati ya Kivu. Mwaka ule Kasongo ikawa vikariati yake yenyewe, chini ya Monsinyori Richard Cleire, na katika mwaka 1959 ikawa diosezi. Anayelinganisha Kivu ya mwaka 1951 na Kivu ya mwaka 1953 ataona hesabu imeshuka, na pengine atalia juu ya imani iliyopoa. Lakini wakristu hawakukimbia. Mpaka ndio uliohama.

Tena kuna vita. Katika mwaka 1964 Kasongo na Kabambare ziliingia mikononi mwa Wasimba. Katika vita vya 1996-1997, na tena katika vile vya 1998-2003, watu wengi wa Maniema walikimbilia porini. Mwaka ambao nusu ya kalasi haikufika kwenye egzamini hauwezi kupimwa na mwaka wa amani. Inaweza kuonekana hata ya kuwa pointi zimepanda, kwa sababu waliobaki kalasini ni wale tu wenye wazazi wenye nguvu. Anayesoma hesabu bila kujua mwaka ule ulikuwa mwaka gani, anasoma nusu tu.

V. Mfano wa hesabu

Turudi kwa yule kijana na baba yake. Nitatoa mfano wa kubuni, kusudi jambo lionekane wazi.

Tuseme fakulte moja imepokea wanafunzi 10. Kati yao, 8 walikuwa na pointi 70 na zaidi, na 2 walikuwa chini ya 70. Kijana mwenye pointi 72 anasoma hesabu hii, anasema: «Waliopokelewa 8 kati ya 10 wako kama mimi. Basi nina bahati ya 80 kwa mia.» Amekosa. Hajui bado wangapi walio kama yeye walibisha hodi.

Ikiwa walioomba wenye pointi 70 na zaidi walikuwa 40, waliopokelewa ni 8 kati ya 40, ndiyo 20 kwa mia. Wanne kati ya watano walirudi nyumbani. Lakini ikiwa walioomba wenye pointi hizo walikuwa 10 tu, waliopokelewa ni 8 kati ya 10, ndiyo 80 kwa mia kweli. Tazameni vema: karatasi ya waliopokelewa ni ile ile katika hali zote mbili, hakuna herufi iliyobadilika. Nayo yaweza kuwa na maana ya 20 au ya 80. Kinachotenga hali hizo mbili ni buku la waliobisha hodi.

Na yule aliyepokelewa na pointi 55? Vijana wanampenda sana huyo. Wanasema: «Fulani aliingia na 55, mimi nina 61.» Lakini pengine alifanya egzamini nyingine ya fakulte akashinda, pengine aliingia mwaka ambao waombaji walikuwa wachache. Mtu mmoja aliyepita si kipimo cha mlango.

Hata walio na buku la waliobisha hodi waweza kudanganyika, wasipolitenga kwa mafungu. Mfano mkubwa ulionekana Marekani, katika universite ya Berkeley pale California. Kwa mwaka 1973, wanaume 8442 waliomba kuingia katika masomo ya juu zaidi, na 44 kwa mia walipokelewa. Wanawake 4321 waliomba, na 35 kwa mia walipokelewa. Watu walisema: «Wanawake wanaonewa mlangoni.» Lakini wataalamu walipotazama kila idara peke yake, waliona jambo lingine, wakalitangaza katika mwaka 1975. Katika idara moja kubwa wanaume walipokelewa 62 kwa mia, na wanawake 82 kwa mia. Katika idara nyingine ngumu, wanaume walikuwa 6 kwa mia, na wanawake 7 kwa mia. Ilikuwaje basi hesabu ya jumla kuwapunguza wanawake? Kwa sababu wanawake wengi zaidi waliomba katika idara zile ngumu, ambazo zilikataa karibu kila mtu, mume kwa mke.

Ndugu zangu, kwetu jambo hili liko kila siku. Masomo moja ina seksio ya pedagojia na seksio ya biolojia na kemia. Nyingine ina pedagojia tu. Mtu akichanganya seksio zote, kisha akasema masomo ya Kasongo inashinda masomo ya Kabambare, labda anapima seksio, hapimi walimu wala watoto.

VI. Mashauri kwa anayeulizwa

Tufanye nini basi? Nasema mambo manne.

La kwanza: kila parokia iwe na buku moja la masomo, na katekista au mwalimu mkristu alitunze. Liwe na mistari mitano: mwaka, seksio, pointi, mlango uliobishwa, jibu lililotoka. Majina si lazima. Lakini waliokataliwa waandikwe sawa na waliopokelewa, na wenye diploma ambao hawakuomba popote waandikwe pia, pamoja na sababu: fedha, ugonjwa, ndoa, vita. Watoto Waislamu na Waprotestanti waandikwe vile vile, maana wote ni watoto wa nchi.

La pili: tusihukumu kwa mwaka mmoja. Parokia moja ya Kabambare haina watoto wa kutosha kwa mwaka. Tuweke pamoja miaka mingi na parokia nyingi, lakini kila seksio ibaki katika fungu lake.

La tatu: kijana anapouliza, tusijibu ndiyo au hapana. Tumwambie: «Kati ya watu kumi walio kama wewe, waliobisha mlango huu, wawili waliingia.» Tena tumshauri asibishe mlango mmoja tu. Achague mmoja anaoutamani, mmoja unaomfaa, na mmoja ambao ana matumaini makubwa kufunguliwa. Na maneno hayo yasemwe mbele ya baba, kabla mbuzi hawajauzwa.

La nne ni kwa ninyi mafratri. Mnaweza kuitumia hesabu hii juu yenu wenyewe: wangapi waliingia nanyi seminari ndogo, wangapi wamebaki. Wakubwa wa seminari wanahitaji kujua hayo, kusudi waulize kwa nini njia imewapoteza wengine. Lakini hesabu inasema juu ya kundi, haimwiti mtu kwa jina lake. Ikiwa kati ya kumi amefika mmoja, wewe si sehemu ya kumi ya padri. Uliza wito wako mbele ya Mungu na mbele ya kiongozi wako wa roho.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha hesabu za namna mbili. Katika buku la pili la Samweli, sura ya 24, mfalme Daudi alihesabu watu wake, na taifa lote likapata adhabu. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anamsifu mtu mwenye busara, ambaye kabla ya kujenga mnara anaketi kuhesabu kama ana mali ya kuumaliza. Daudi alihesabu kusudi ajue ukubwa wake mwenyewe. Mwenye mnara alihesabu kusudi kazi yake isiishie njiani.

Masomo yanapotundika mlangoni majina ya watoto wake walioshinda, na parokia inaposhangilia, si vibaya; watoto wale wametoka jasho. Lakini kijana wa Kabambare anayesimama mbele yetu na pointi 61 hahitaji furaha yetu juu ya wengine. Anahitaji tuketi naye, tufungue buku, tumhesabie pamoja na wale waliorudi nyumbani.